Laptopu Isiyo na Tundu

Hajji Zubairi aliponiambia, "Bwambale, nenda dukani uchague wewe," nilipaswa kumjibu, "Hajji, mtume Biira, yeye ndiye atakayeitumia." Ni maneno machache. Hata mlevi angeweza kuyasema bila kujikwaa. Badala yake nilivuta shati, nikakohoa kama mtu aliyezaliwa ndani ya kompyuta, nikasema, "Niachie mimi."

Nimeanzia hapo ili msije mkasoma kurasa zote hizi mkitafuta mahali nilipokosea. Ninyi vijana wa chama cha mawakala wa forodha hapa mpakani Bwera mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nimestaafu, muda ninao, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua.

Nilifika Bwera na cheti cha sekondari na suruali moja ya maana. Nilidhani mtu aliyefaulu Kiingereza hupewa meza. Karani mkuu wa ofisi yetu, Mzee Kule, alinipa kipande cha chaki na kunionyesha lori la kahawa lililosimama karibu na kizuizi.

"Panda uhesabu magunia."

"Karatasi inasema ni mia mbili, Mzee."

"Karatasi imepanda lori? Wewe panda."

Nilipanda na suruali yangu ya maana. Magunia yalikuwa mia moja tisini na saba. Kule hakunisifu. Alisema tu kwamba yale matatu yangekuwa shida yangu kama ningeiamini karatasi. Tangu siku hiyo nilihesabu kwa chaki, alama moja kwa kila gunia, na nawasihi mfanye hivyo hata leo mnapopigiwa picha za mizigo kwenye simu. Picha ya lori ina upande mmoja. Lori lina pande nne na chini.

Kule alinifundisha mengine mengi. Andika namba ya gari kwanza, kwa sababu dereva anaweza kuondoka wakati wowote. Karatasi ya kaboni iinue kwenye mwanga kabla ya kuitumia. Ikiwa unauona mlima kupitia kwake, itupe. Mhuri ulale mfukoni mwako mwenyewe. Na usimwazime dereva kalamu, maana itavuka kwenda Kongo bila hati yoyote. Yeye ndiye pia aliyeniita Bwambale wa Kaboni. Kwetu kila mtoto wa kiume wa pili ni Bwambale, kwa hiyo ukiita jina hilo kizuizini wachukuzi sita wanageuka. Mimi nilikuwa na wino shavuni wiki nzima, basi hilo likawa jina langu la kazi.

Kesi ngumu niliyojifunzia zaidi ilikuwa ya chumvi. Lori lilipakiwa Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi, likapimwa uzito huko, likafika kwetu kesho yake likiwa jepesi. Afisa mpya, ambaye wote tulimwita afande ingawa hakuwa hata na fimbo, alisema dereva ameuza magunia njiani. Dereva alianza kulia. Kule aliinama chini ya lori.

"Afande, weka kidole hapa."

"Kwa nini?"

"Weka tu. Haya, onja."

Afisa aliweka, akaonja, akatema mate mpaka kwenye kiatu chake.

"Hayo ndiyo magunia yako, afande," Kule alisema. "Chumvi ilitolewa ziwani mbichi, ikapimwa na maji yake. Maji yote yako barabarani kutoka Kikorongo mpaka hapa, tone kwa tone. Ukitaka kuyakamata, tukuazime baiskeli."

Afisa alicheka. Lori likavuka. Nikajiambia kwamba siku moja nitakuwa kama Kule. Nilimwiga mwendo wake, namna yake ya kuinua kaboni, hata kikohozi chake. Mtu anaweza kumwiga mwingine kwa miaka ishirini na sita na bado akaacha jambo moja la maana.

Kule alistaafu akapanda mlimani kwenye shamba lake la kahawa. Siku za soko alishuka, tukanywa chai pamoja kwenye kibanda kilichotazamana na ofisi, akanicheka. Nami nikawa mkuu wa meza ya Bwera, mwenye mhuri wangu mfukoni. Nilidhani mambo yataendelea hivyo mpaka mwisho.

Halafu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, zikaja kompyuta. Hati zote zikaanza kutumwa kwa njia ya mtandao. Pale kizuizini kukajengwa banda la mawakala, lenye meza ndefu, na kila meza ikapewa kebo moja ya intaneti iliyotoka ukutani. Mashine kila mtu alijiletea. Sisi hatukuwa nayo. Karatasi zetu zilipanda pikipiki mpaka ofisi ya Hajji Zubairi mjini Kasese, zikaingizwa huko, zikarudi. Lori lililongoja lilifikia hatua ya dereva kuanika nguo zake juu yake.

Hajji, mwenye ofisi na mwenye malori, alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Mimi najua matairi. Kompyuta siijui. Nitanunua laptopu moja ndogo kwa ajili ya Bwera. Nawapa miezi mitatu. Meza yenu ikitoa hati zake yenyewe bila kuchelewesha lori, Biira anaajiriwa moja kwa moja. Ikishindwa, naifunga, kazi yote inakuja Kasese."

Biira alikuwa binti wa Mzee Kule. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amesomea kompyuta, na alikuwa kwetu kwa majaribio. Alipiga chapa akiangalia dirishani, jambo lililoniudhi, kwa sababu mimi nilikuwa naitafuta herufi B kama mtu aliyepoteza mbuzi. Baba yake alikuwa ameniomba kitu kimoja tu katika maisha yetu yote: "Mfundishe. Ukiona hafai, sema. Ila useme kweli."

Siku niliyokwenda dukani Kasese, Biira alinipa karatasi aliyoikunja mara nne. "Mzee, yako mambo matatu ya kuangalia. Nimeyaandika." Nikaitia mfuko wa shati.

Muuzaji alikuwa kijana mmoja aitwaye Akramu. Aliweka laptopu mbili ndogo kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya plastiki, nene kama Biblia ya familia, mfuniko wake ukilia ukiufungua. Pembeni ilikuwa na matundu kila upande kama nyumba ya panya. Betri ilichomoka kwa nyuma, ukitaka unaweka nyingine. Iliwaka polepole, ungeweza kumenya ndizi na kuimaliza.

Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, ya chuma, nyembamba kama sahani. Iliwaka kabla hujafumba mdomo. Herufi zake ziling'aa kwa chini. Betri ilikuwa imefungwa ndani na ilikaa mchana kutwa. Sitaisema vibaya, vijana, ilikuwa mashine nzuri sana, na nzuri kuliko ile nyeusi kwa kila kitu ambacho hatukukihitaji.

"Musee, hii nyeusi ni ya wanafunzi," Akramu alisema. "Hii nyingine wanabeba wakubwa."

"Wakubwa gani?"

Alinitazama kuanzia mvi mpaka viatu. "Watu kama wewe, Musee."

Basi, biashara ilikuwa imekwisha. Nilikumbuka karatasi ya Biira. Niliigusa kupitia shati. Lakini fikirini wenyewe: mkubwa anayebeba mashine ya wakubwa anatoa karatasi ya msichana mfukoni ili asome anachotaka? Niliuliza swali moja tu, kama inapatikana na mfuko wake. Akramu alinipa mfuko na risiti, akasema nikibadili mawazo niirudishe ndani ya siku saba.

Bwera nilipokelewa kama bwana harusi. Wachukuzi waliiangalia. Dereva mmoja Mkongo wa Butembo, Papa Kasereka, aliomba kupigwa picha nayo. Biira aliifungua, akafurahi, akaipindua, akaigeuza, akaacha kufurahi.

"Mzee, kebo inaingia wapi?"

"Tundu litakuwa limefichwa. Mashine za bei ghali huficha vitu."

Alitafuta kila mahali kama anayemtafuta kupe kwenye ndama. "Haina, Mzee. Uliangalia ile karatasi?"

"Niliangalia," nilisema. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na kama uongo wote wa kwanza, ulikuwa mdogo na mwepesi kubeba.

Tulijaribu modemu ile ya kuchomeka, inayotumia laini ya simu. Lakini mnajua mtandao wa simu hapa kwetu, mguu mmoja uko Uganda na mwingine uko ng'ambo. Modemu ilitafuta, ikatafuta, ikatukaribisha Kongo kwa Kifaransa na kula salio lote kabla hati moja haijaondoka. Papa Kasereka alikuwa amesimama mlangoni.

"Musee, wewe uko huku, mashine iko Kongo," alisema. "Iko na pasipoti?"

"Nenda kwenye lori lako, Papa."

"Lori iko hapa. Inangoja ile mutu yako irudi toka Kongo."

Wachukuzi walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Siku ya nne Biira alikuja na suluhisho. Kulikuwa na waya mfupi, alisema, hauzidi urefu wa kidole. Upande mmoja unaingia kwenye laptopu pale modemu inapoingia, upande wa pili una tundu la kebo. Unauzwa Kampala. "Mwambie Hajji amtume dereva wake auchukue."

"Hajji atauliza ni wa nini."

"Tutamwambia."

"Tutamwambia nini? Kwamba Bwambale amenunua nyumba isiyo na mlango?"

Alicheka. Mimi sikucheka. "Basi nitanunua mwenyewe," alisema.

"Akiuona mezani atauliza vilevile. Sitaki kuona waya huo hapa."

"Basi irudishe, Mzee. Siku saba hazijaisha. Ile nyeusi inatutosha."

Nilimwambia nitafikiri. Nikafikiri kwa makini mpaka siku ya nane.

Kuanzia hapo, meza yetu ikawa mchezo wa kuigiza. Mke wangu alikuwa amefuma kitambaa cheupe cha kufunika redio. Nikakichukua nikaifunika laptopu. Ikawa kama vile vikombe vya kabatini ambavyo kila nyumba ya kwetu inavyo, vya wageni tu. Akija mtu wa maana, nilikiondoa kitambaa, nikaifungua, nikatazama picha ya theluji ya mlimani iliyokuja nayo, nikakunja uso kama theluji ile ina makosa ya forodha. Mgeni akiondoka, nilifunika.

Hati zilitoka wapi? Zilitoka kwa Muhindo. Muhindo alikuwa wakala wa meza ya jirani, mshindani wetu, mwenye laptopu nyeusi, nene, yenye matundu, ndugu kabisa wa ile niliyoidharau. Karani wake alipokwenda kula, Muhindo alimruhusu Biira aitumie. Kwa hiyo malori ya Hajji yalivuka saa za chakula tu. Karani yule akiwa na njaa mapema, tulifanya kazi vizuri. Akifunga siku hiyo, tulikwama. Madereva walituita "ofisi ya chakula". Kuna siku nilimpelekea karani wa Muhindo sahani ya pili ya matoke ili akawie, na Biira akaingiza hati tatu juu ya sahani hiyo. Nilijiona mjanja mno. Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye laptopu ya wakubwa anabeba sahani.

Biira hakulalamika tena. Aliipangia njaa ya mtu mwingine ratiba, akala chakula chake alasiri kikiwa baridi, na bado akatoa hati nyingi kuliko nilivyostahili. Lakini malori ya asubuhi yalingoja mchana, na ya mchana yalingoja kesho. Wote tuliokuwa bandani tulijua sababu. Hajji ndiye hakuijua.

Katika mwezi wa tatu wa majaribio, Hajji alikuja bila kusema. Nilimwona akishuka garini nikawahi kuondoa kitambaa. Alisimama mbele ya meza akaitazama laptopu, akaigusa mfuniko kwa kidole kimoja.

"Mashine nzuri," alisema.

"Nzuri sana, Hajji."

"Sasa mbona malori yangu yanalala hapa?"

Ilikuwa saa ya chakula. Kutoka nilipoketi, nilimwona Biira mgongo, ameinama kwenye laptopu ya Muhindo, vidole vyake vikienda mbio akiokoa meza yangu. Nilikuwa na jibu la kweli, fupi: haina tundu, nilikosea mimi, kuna waya unaouzwa Kampala. Hajji angenitukana kidogo, angeagiza waya, na tungekunywa chai.

"Mashine haina shida, Hajji," nilisema. "Ni Biira. Mkono wake bado mzito."

"Binti wa Kule?"

"Ni msichana mzuri. Atajifunza. Lakini..."

Nikaiacha hiyo "lakini" peke yake hewani. Vijana, katika kazi hii mtaandika maelfu ya maneno, na hakuna litakalomuumiza mtu kama "lakini" msiyoimalizia.

Meza ya Bwera ilifungwa mwisho wa mwezi. Biira aliambiwa na Hajji kwa simu. Alikuja kuchukua kikombe chake na sweta yake. Nilijiandaa kwa matusi. Alisema, "Mzee, betri ya hiyo mashine usiiache iishe kabisa, itaharibika," akaenda. Hakufika mbali: wiki ileile Muhindo alimwajiri. Kwa miezi mitatu alikuwa amemtazama akipiga chapa kila mchana, hakuhitaji kumpa mtihani. Leo nusu yenu mmejifunza kazi kwake, na wateja wangu wa zamani, pamoja na Papa Kasereka, wako kwake.

Siku ya soko iliyofuata Kule alishuka. Hakwenda kwenye kibanda cha chai. Alikuja ofisini nilipokuwa napanga mafaili yahamie Kasese, akasimama.

"Hajji ameniambia mkono wa binti yangu mzito."

"Karibu, Mzee. Kaa."

"Nimemuuliza Muhindo. Anasema ni mwepesi kuliko wote bandani. Ni yupi kati yenu anayesema kweli?"

"Kila mtu ana macho yake, Mzee."

"Nionyeshe hiyo mashine."

Nikaondoa kitambaa. Aliichukua mikononi akaikagua kama alivyonifundisha kukagua lori: mbele, nyuma, ubavu huu, ubavu huu, chini. Hakuwahi kuwa na kompyuta maishani mwake. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa nusu kikombe.

"Kebo ya ukutani inaingia wapi?"

Nje wachukuzi walikuwa wanabishana kuhusu gunia lililopasuka, na nilitamani waingie wabishane ndani.

Kule aliirudisha mezani taratibu. "Kununua vibaya ni sehemu ya kazi," alisema. "Mimi niliwahi kuvusha ng'ombe kumi na wawili kwa hati ya mbao. Nilikwenda kwa bosi nikamwambia, akanifukuza, kesho yake akaniita. Hilo unalijua, nilikusimulia nikicheka. Lakini wewe umetafuta mahali pa kuliweka kosa lako, ukaliweka juu ya mtoto wangu."

"Nilikuwa na hofu, Mzee."

"Yeye hakuwa na hofu?"

Akatoka. Sikumfuata. Nilijiambia nitampa siku chache apoe, kisha nitapanda kwake na kilo ya sukari, nimwombe radhi. Siku chache zikawa wiki. Nilihamia Kasese nikafanya kazi huko mpaka nilipostaafu. Laptopu ile Hajji aliichukua nyumbani, watoto wake wakatazamia filamu, na nasikia ilidumu miaka mingi bila kuharibika hata kidogo.

Nilipanda kwa Kule baada ya mwaka. Mkewe alinipokea mizigo, akaniambia mzee amelala. Nilimwona kupitia mlango wa nyuma akitandaza kahawa juani. Nilipanda mara nyingine mbili. Mara zote mbili alikuwa amelala, mchana kweupe, mtu ambaye katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikumwona hata akisinzia. Kwa Hajji nilikwenda hatimaye nikamweleza kila kitu. Alisema, "Nilijua zamani. Muhindo alinicheka mbele ya watu." Akaendelea kuhesabu matairi.

Kule alifariki mwaka wa nne tangu meza ifungwe. Biira ndiye aliyenipigia simu, kwa sauti ya kawaida, akaniambia siku ya maziko, na nilipofika akaniletea kiti. Kama ilivyo desturi, baada ya ukoo na kanisa, waliofanya kazi na marehemu walisomwa kwenye orodha wasimame waseme neno. Alisimama Muhindo. Alisimama yule afisa wa chumvi, mzee sasa, akasimulia jinsi alivyoonja kidole chake, na watu walicheka huku wakilia. Waliitwa hata wachukuzi wawili. Orodha hiyo Kule aliiandika mwenyewe alipokuwa mgonjwa, na jina langu halikuwamo.

Kuchagua ile mashine, na kukataa kusema kwamba nimeichagua vibaya, kulinigharimu Mzee Kule. Nilifanya naye kazi miaka ishirini na sita, kila ninachokijua katika kazi hii nilikipata kwake, na siku ya kumzika sikuruhusiwa kusema hata hilo.